Barua ya Kuchangisha kwa Posta: Mwanafunzi Atafiti Nini na Apange Vipi Kabla ya Kuchora

Leo hakuna siasa wala mpira. Leo naleta kitu cha kujisomea, hasa kwenu mnaosoma dizaini, habari au masoko, na hata wewe uliyemaliza shule kama mimi na unajifunza Photoshop mwenyewe pale kafe kwa kulipia nusu saa nusu saa. Mada ni barua za kuchangisha, yaani zile ambazo shirika la hisani linamtumia mtu kwa posta kumwomba mchango.

Nimeingiaje huku? Mdogo wangu wa kike anasoma dizaini chuoni hapa Dar. Mwalimu wao aliwapa kazi: kila mwanafunzi achague asasi moja ya hisani, aisanifie barua ya kuchangisha, na alete kwanza utafiti na mpango kabla ya mchoro wowote. Dogo akafanya kinyume. Akaenda kafe, akatafuta kwenye intaneti picha ya mtoto analia, akaibandika kwenye bahasha, akaandika juu kwa herufi nyekundu NISAIDIE! Akarudi nyumbani anajisifu kwamba kazi imekwisha kwa saa moja.

Mama akaichukua ile karatasi, akaiangalia, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, huyu mtoto ni wa nani?"

Dogo akajibu, "Wa kwenye intaneti, mama."

"Na mama yake anajua kama yuko humu?"

Hapo ndipo tukaanza kusoma mimi na yeye. Haya niliyoyakusanya ndiyo ningependa mtu anipe mapema.

KIFURUSHI KINA NINI NDANI

Wengi tunadhani barua ya kuchangisha ni karatasi moja. Siyo. Kwa kawaida ni vitu vitano, na kila kimoja kina kazi yake:

1. Bahasha ya nje. Kazi yake ni kufika na kufunguliwa. Basi.

2. Barua yenyewe. Huyu ni mtu mmoja anaongea na mtu mmoja. Ina jina la anayeandikiwa, ina sahihi ya mtu halisi wa asasi, siyo "Uongozi".

3. Kipeperushi au picha. Hiki ni ushahidi. Kinaonyesha kazi inayofanyika.

4. Fomu ya majibu. Hapa ndipo mtu anaandika kiasi anachotoa na jinsi atakavyolipa.

5. Bahasha ya kurudishia, ambayo anwani ya asasi imeshaandikwa na ikiwezekana stempu imeshalipiwa.

Dogo alikuwa na namba 1 tu. Ni sawa na kujenga mlango bila nyumba.

Kuna profesa mmoja wa Ujerumani, Siegfried Vögele, aliyechunguza kwa kamera jinsi macho ya msomaji yanavyotembea juu ya barua kama hizi. Alichoonyesha ni kwamba mtu haanzi mstari wa kwanza akashuka taratibu kama anasoma kitabu. Macho yanaruka: jina lake mwenyewe, picha, maneno mazito, sahihi ya aliyeandika, na ule mstari wa nyongeza chini ya sahihi. Ndiyo maana barua nyingi za kuchangisha zina P.S. Siyo kwamba mwandishi alisahau kitu. Ombi linarudiwa pale kwa makusudi.

ILIKOTOKA: MIFANO MITANO YA KUJIFUNZIA

Kutafiti siyo kuangalia za wenzako wa darasani. Anza na waliotangulia.

Denmark, 1904. Karani wa posta aitwaye Einar Holbøll alikuwa akipanga barua na kadi za Krismasi. Akawaza: kama kila barua ingebandikwa stempu ndogo ya ziada ya bei ndogo, pesa zingetosha kusaidia watoto wenye kifua kikuu. Mwaka huo wa kwanza ziliuzwa zaidi ya milioni 4. Somo: hakubuni njia mpya ya kufika kwa watu, alitumia barua ambazo watu walikuwa wanatuma tayari.

Marekani, 1907. Emily Bissell wa jimbo la Delaware alihitaji dola 300 kuokoa hospitali ndogo ya kifua kikuu. Akaiga wazo la Denmark, akachora mwenyewe stempu ya rangi nyekundu, ikauzwa senti moja moja. Zikapatikana kama dola 3,000. Somo: rangi moja na kiasi kidogo vinatosha kama watu wanajua pesa inaenda wapi.

Uingereza, 1919. Hii haikupita posta, ni kipeperushi, ila lazima uijue. Eglantyne Jebb aligawa London picha ya mtoto wa Austria aliyedhoofu kwa njaa baada ya vita, wakati serikali ya Uingereza ilikuwa bado imezuia chakula kisiende kule. Alikamatwa, akatozwa faini ya pauni 5, na inasimuliwa kwamba mwendesha mashtaka mwenyewe alimpa hizo pauni 5. Mwaka huohuo shirika la Save the Children likazaliwa. Somo: picha ina nguvu kweli. Lakini angalia pia kwamba picha ile ilikuwa inadai jambo moja maalumu, kizuizi kiondolewe. Haikuwa kilio kitupu.

Marekani, 1938. Rais Franklin Roosevelt, ambaye mwenyewe alikuwa amepooza miguu, alianzisha mfuko wa kupambana na polio. Mchekeshaji Eddie Cantor akawaomba watu redioni watume sarafu ya senti 10 moja kwa moja Ikulu. Zikaja sarafu zaidi ya milioni 2 na nusu, magunia kwa magunia ya barua. Somo liko pande mbili: omba kiasi ambacho kila mtu anacho, halafu jiandae. Majibu yakija na huna mtu wa kuyafungua, umejiaibisha.

Chekoslovakia, 1949. Huu ndio naupenda kuliko yote. Baada ya vita UNICEF ilipeleka msaada wa chakula na dawa vijijini. Binti wa miaka 7, Jitka Samková, akachora watoto wanacheza kwa furaha, akachora juu ya kioo kwa sababu karatasi hazikuwepo. Mchoro ukawa kadi ya kwanza ya UNICEF, na kadi hizo zikaendelea kuchangisha pesa dunia nzima kwa miaka mingi. Somo: mtoto aliyesaidiwa siyo lazima awe anayelia kwenye picha. Anaweza kuwa msanii.

UTAFITI: MASWALI MANNE

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua daftari, gawa kurasa nne, kila ukurasa swali moja.

Swali la 1: Asasi inataka nini hasa?

Nenda ofisini kwao. Kafe haitoshi hapa. Uliza wamesajiliwa chini ya sheria gani (Tanzania asasi nyingi zisizo za kiserikali zinasajiliwa kwa Sheria ya mwaka 2002), pesa zinapokelewa kwa jina gani, nani anatoa risiti. Kisha uliza swali la msingi: mtu akitoa shilingi 10,000 leo, kesho kutwa kuna nini ambacho leo hakipo? Kama wanakujibu "tutawezesha jamii", rudia swali. Unataka jibu la aina hii: vitabu viwili vya hadithi, au nauli ya wiki ya mwalimu wa kujitolea. Bila hilo huna cha kuandika kwenye fomu ya majibu.

Asasi ya dogo ilikuwa chumba kimoja cha maktaba ya watoto mtaani kwetu. Waliposema "tunahitaji msaada wa hali na mali", dogo akakomaa nao mpaka wakasema ukweli: rafu. Vitabu wanavyo kwenye maboksi, vinaliwa na mchwa kwa sababu hakuna rafu. Hiyo ndiyo barua sasa!

Swali la 2: Nani atafungua bahasha?

Hapa kwetu barua nyingi haziji mlangoni, zinakwenda sanduku la posta. Tena sanduku lenyewe mara nyingi ni la shule, la kanisa, la msikiti au la ofisi. Maana yake nini kwa msanifu? Mambo matatu:

- Bahasha itapita mikono kadhaa kabla ya kumfikia mwenyewe. Usiandike nje kitu cha kumwaibisha mtu, k.m. ugonjwa au deni.

- Mtu anaweza kufungua sanduku mara moja kwa wiki au zaidi. Ukiandika "jibu kabla ya Ijumaa", Ijumaa ishapita.

- Anwani iwe kamili na ya kusomeka: jina, namba ya sanduku, mji, na msimbo wa posta. Tanzania na Kenya misimbo ni ya tarakimu 5. Kenya, kwa mfano, posta kuu ya Nairobi ni 00100 na Mombasa ni 80100.

Halafu jiulize majina mmeyapata wapi. Hii siyo ishu ndogo. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Kuchukua orodha ya wateja wa shemeji yako anayefanya kazi mahali fulani ni kosa, hata kama nia ni njema. Tumia majina ya watu waliokubali: waliowahi kuchangia, wazazi, marafiki wa asasi.

Na kama unadhani barua nyingi haziumizi mtu, soma kisa cha Uingereza. Mwaka 2015 alifariki bibi wa miaka 92 wa mji wa Bristol, Olive Cooke, aliyekuwa ameuza yale maua mekundu ya kukumbuka askari tangu akiwa binti wa miaka 16. Uchunguzi ukakuta mashirika 99 yalikuwa na jina lake, na kwa mwaka 2014 ilikadiriwa alipelekewa barua 466. Familia yake ilisema wazi kwamba barua hazikuwa sababu ya kifo chake. Lakini nchi ilishtuka. Mwaka 2016 kikaanzishwa chombo kipya cha kusimamia uchangishaji, na mwaka 2017 ikaanza huduma ya mtu kusema "inatosha, msinitumie tena" na mashirika yakalazimika kutii.

Kwa hiyo kwenye fomu yako weka kisanduku kidogo: "Sipendi kupokea barua tena." Dogo aliuliza, "Kaka, si nitapoteza wachangiaji?" Nikamwambia aliyechoka ulishampoteza, unachookoa ni stempu na heshima.

Swali la 3: Nani yuko kwenye picha?

Hapa ndipo mama alipogonga. Sisi wa Afrika Mashariki hii inatuhusu kuliko wengi, kwa sababu kwa miaka mingi sura zilizo kwenye bahasha za Ulaya na Marekani ni za kwetu.

Oktoba 1984 BBC ilionyesha njaa ya Ethiopia, na picha zile zilipigwa na mpiga picha wa Kenya, Mohamed Amin. Dunia ilitikisika. Michango ikamiminika, tamasha la Live Aid likafanyika Julai 1985. Watu waliokolewa, hilo hatulifuti. Ila baadaye mashirika yenyewe yakaanza kujiuliza: kwa nini kila barua sasa ina mtoto mwenye tumbo limevimba, hana jina, hana mzazi, hana kijiji? Mwaka 1989 mashirika ya Ulaya yakapitisha mwongozo wa maadili kuhusu picha na ujumbe, yakaufanya upya mwaka 2006. Kiini chake ni heshima: mtu aonyeshwe kama mtu, ukweli usemwe na mazingira yake, na mwenye picha aridhie.

Sasa kuna jambo gumu na sitaki nikufiche. Picha ya mtu mmoja inafanya kazi. Watafiti watatu Marekani, Small, Loewenstein na Slovic, walitoa matokeo yao mwaka 2007. Waliwapa watu dola 5, kisha wakawaomba wachangie. Walioonyeshwa mtoto mmoja wa Mali mwenye jina na picha walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa dola 1.14. Waliopewa vyote viwili, mtoto na takwimu pamoja, walitoa dola 1.43. Yaani kuongeza takwimu kulipunguza huruma!

Kwa hiyo mwanafunzi unabaki kati: picha ya mtu mmoja inaleta pesa, lakini mtu huyo ana haki zake. Njia ya kutoka siyo kuacha watu ukaweka takwimu. Njia ni kuwa na mtu mmoja wa kweli, aliyekubali, akifanya jambo, siyo akifanyiwa tu. Orodha yangu ya kukagua picha ni hii:

- Namjua jina, na nimemwuliza kama jina litumike au lifichwe.
- Kama ni mtoto, mzazi au mlezi amesaini ridhaa kwa lugha anayoielewa, na mtoto mwenyewe ameulizwa.
- Wameona karatasi itakavyokuwa, siyo kuambiwa tu "tutatumia picha".
- Hakuna kitu cha kumtambulisha alipo, k.m. jina la shule pamoja na sura.
- Nikiibandika picha hiyo kwenye mlango wa nyumba yao, hawataona haya.

Ukishindwa hata moja, acha picha hiyo. Picha za kuokota intaneti zinaanguka kwenye swali la kwanza kabisa, tena nyingi zina mwenyewe aliyezipiga na anaweza kukudai.

Swali la 4: Posta na mchapaji wanasemaje?

Kabla hujachora, pima. Vipimo hivi vya milimita andika ukutani:

A4 = 210 × 297
A5 = 148 × 210 (A4 iliyokunjwa mara moja)
Bahasha DL = 110 × 220 (inapokea A4 iliyokunjwa sehemu tatu)
Bahasha C6 = 114 × 162
Bahasha C5 = 162 × 229 (inapokea A5)

Mtego ulioko: ukichagua DL kuwa bahasha ya nje na C6 kuwa ya kurudishia, haiingii! C6 ina upana wa 114 na DL ina 110. Milimita 4 tu zinakuangusha siku ya kufunga barua 200. Ukitumia C5 nje, C6 inaingia bila shida. Uingereza pia C5 ni salama, kwa sababu kiwango chao cha barua ya kawaida ni 165 × 240 na unene wa milimita 5.

Uzito nao unapigiwa hesabu kabla. Karatasi ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa karibu gramu 5, kwa sababu A4 kumi na sita ni sawa na mita moja ya mraba. A5 ni nusu yake, gramu 2.5. Tuhesabu:

Barua A4: gramu 5
Kipeperushi A5: 2.5
Fomu A5: 2.5
Bahasha C6: karibu 3.5
Bahasha C5: karibu 6.5
Jumla: karibu gramu 20

Posta nyingi hatua ya kwanza ya bei ya barua inaishia gramu 20. Unaona? Kuongeza kijikaratasi kimoja kunaweza kupandisha bei ya barua zote. Kwa hiyo tengeneza mfano mmoja, nenda nao posta, mwombe karani aupime, na uulize bei ya siku hiyo pamoja na bei ya kutuma nyingi kwa pamoja. Ni dakika kumi za foleni.

Kwa mchapaji uliza karatasi aliyonayo, rangi, na muda. Mwambie akupe profoma kwa maandishi. Acha milimita 3 za ziada kila ukingo kama rangi inafika mwisho wa karatasi, maana kisu cha kukatia hakikati pale pale kila mara. Na picha iwe na nukta 300 kwa inchi. Picha yenye upana wa pikseli 600 inaonekana kubwa kwenye kompyuta ya kafe, ila ukichapa vizuri ni inchi 2, sentimita 5 tu. Maandishi yasipungue pointi 12. Wachangiaji wengi ni watu wazima, na miwani wameisahau nyumbani.

MPANGO: UKURASA MMOJA UNATOSHA

Ukimaliza utafiti, andika mpango. Mwalimu anataka kuona umefikiri, na asasi inataka kuona pesa zao hazitapotea.

Hatua ya 1. Sentensi moja. "Tunamwomba [nani] atoe [kiasi gani] ili [kitu gani] kipatikane [lini]." Ukishindwa kuijaza, rudi swali la 1.

Hatua ya 2. Viwango vitatu kwenye fomu, na kila kiasi kina kitu chake. Acha pia nafasi ya "kiasi kingine". Mwenye elfu mbili asijione hana thamani.

Hatua ya 3. Njia ya kujibu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania 2008, na toka hapo wengi wetu hatutumi pesa kwenye bahasha. Weka lipa namba ya asasi, siyo namba ya simu ya mtu binafsi, na andika jina litakalotokea kwenye simu ili mchangiaji asiogope utapeli. Bahasha ya kurudishia bado ina kazi: kuna wanaotaka kuandika neno, au kuomba risiti.

Hatua ya 4. Chora kwa penseli. Michoro midogo midogo kumi, kila mmoja kama sanduku la kiberiti. Chagua mitatu. Kunja karatasi kweli, tia kwenye bahasha kweli, mpe mtu asiyejua chochote aifungue huku wewe umekaa kimya. Angalia mkono wake unaenda wapi kwanza. Mama zetu ni wakaguzi wazuri kuliko walimu.

Hatua ya 5. Hesabu. Mfano tu wa kujifunzia: barua 200, kila moja imegharimu shilingi 1,500 kwa kuchapa na stempu, jumla 300,000. Kama mchango wa wastani ni 20,000, unahitaji watu 15 wajibu ili kurudisha gharama, yaani kama 7 au 8 kwa kila 100. Ukiwatumia watu wasiowajua kabisa, idadi hiyo ni ngumu mno. Ndiyo maana anza na wachache wanaoifahamu asasi, kwa karatasi rahisi. Wakati mwingine jibu la utafiti ni "msitume barua", na hilo pia ni jibu la mwanafunzi mzuri.

Hatua ya 6. Jaribu mbili. Gawa orodha nusu kwa nusu, badilisha kitu kimoja tu, k.m. picha, na weka alama ndogo A au B kwenye fomu. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimefanya kazi.

Hatua ya 7. Kalenda ya kurudi nyuma. Anza na siku barua inatakiwa ifike, hesabu kurudi: posta, kufunga bahasha, kuchapa, kusahihisha, kupata ridhaa, kupiga picha. Utashangaa kwamba ulitakiwa uwe umeanza mwezi uliopita.

Hatua ya 8. Barua ya asante. Isanifu sasa hivi, pamoja na ya kuomba. Kuomba bila kushukuru ni kufunga mlango kwa nje.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

- Nembo kubwa kuliko ombi.
- "Ndugu Mfadhili" badala ya jina la mtu.
- Kuomba vitu sita kwa barua moja.
- Kuandika "DHARURA" wakati siyo dharura. Siku ya dharura ya kweli nani atakuamini?
- Kiswahili cha ofisini. Andika kama unavyoongea na mjomba wako unayemheshimu.
- Karatasi ya kifahari yenye kung'aa kuomba pesa ya rafu. Mtu anajiuliza, hizi si wangenunulia mbao?

ILIVYOKWISHA

Dogo alirudi kule maktaba na karatasi na penseli za rangi. Akawaomba watoto wachore maktaba wanayoitaka, baada ya kuzungumza na wazazi wao na kupata sahihi. Mtoto mmoja akachora rafu ndefu mpaka inatoka nje ya karatasi, na juu kabisa amekaa paka. Mchoro huo ndio ukawa bahasha. Hakuna sura ya mtu, hakuna machozi, ila anayeupokea anataka kujua hiyo rafu inaishia wapi, na kipande kilichobaki cha mchoro kiko ndani.

Mama alipoletewa akauliza swali lilelile: "Huyu mtoto ni wa nani?"

Safari hii dogo alikuwa na jibu. Akataja jina, akataja mama yake, akasema mama yake ameomba nakala mbili.

Kuna mwanafunzi yeyote kati yenu amewahi kufanya kazi kama hii, au amewahi kupokea barua kama hii ikamgusa au ikamkera? Tupeni uzoefu hapo chini, na kama bei za stempu huko mikoani na Kenya mnazo, wekeni ili wenzenu wapige hesabu. Nawakilisha.